Mji Uliochomwa, na Askari Waliosema Waliamriwa

Katika nchi ya Ufaransa, mwendo wa kilomita ishirini hivi kutoka mji mkubwa wa Limoges, upo mji mdogo usiokaliwa na mtu. Jina lake ni Oradour-sur-Glane. Nyumba zake hazina mapaa wala milango, na kuta zake zimesimama wazi mvuani. Reli za tramu bado zimelala katikati ya barabara, lakini tramu haipiti. Ndani ya nyumba mtu huona cherehani zilizoshika kutu, vitanda vya chuma vilivyopindwa na moto, na magari yaliyobaki mifupa tu. Mahali pa kuingilia limeandikwa neno la kumtaka mgeni akumbuke.

Mji huo haukuharibiwa na tetemeko la nchi, wala na mabomu ya ndege. Uliharibiwa kwa mikono ya watu, katika alasiri moja, tarehe 10 Juni 1944, na kombania moja ya askari wa Kijerumani. Watu 642 walihesabiwa kuwa wamekufa, na zaidi ya 200 kati yao walikuwa watoto. Miaka mingi baadaye liliongezwa jina la mwanamke mmoja mkimbizi wa Hispania aliyekuwa amesahauliwa, na hesabu ikawa 643.

Habari za siku hiyo zimesimuliwa mara nyingi. Lakini liko jambo la pili lililofuata, ambalo halijulikani sana, nalo ni zito kama la kwanza. Askari wale walipofikishwa mbele ya mahakimu walijibu kwamba waliamriwa. Na baadhi yao hawakuwa Wajerumani, bali Wafaransa waliotiwa jeshini kwa nguvu. Ndipo likazuka swali ambalo kila mtu aliye chini ya mkubwa hana budi kulifikiri: mtu akiamriwa kutenda uovu, naye akautenda, dhambi ni ya nani?

DIVISHENI ILIYOTOKA MASHARIKI

Kombania hiyo ilikuwa ya tatu katika batalioni ya kwanza ya rejimenti iliyoitwa "Der Führer", na rejimenti hiyo ilikuwa ya divisheni ya pili ya vifaru ya SS, iliyojulikana kwa jina la "Das Reich". Yafaa msomaji aelewe kwamba SS halikuwa jeshi la kawaida la nchi ya Ujerumani. Lilikuwa jeshi la chama cha Hitler, lenye wakubwa wake, kiapo chake na mafundisho yake. Askari wake walifundishwa kwamba mataifa mengine ni duni, na kwamba huruma ni udhaifu.

Divisheni hiyo ilipigana Yugoslavia katika mwaka wa 1941, kisha ikaingia Urusi. Huko mashariki vijiji vilichomwa, na raia waliuawa pamoja na wapiganaji bila kubaguliwa. Maofisa waliozoea mambo hayo ndio waliopelekwa kusini mwa Ufaransa katika mwaka wa 1944, karibu na mji wa Montauban, ili divisheni ipumzike na kujazwa askari wapya. Wengi wa askari hao wapya walikuwa vijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane.

Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Waingereza, Wamarekani na wenzao yalishuka pwani ya Normandy. Divisheni ya "Das Reich" ikaamriwa kwenda kaskazini. Njiani walikuwako Wafaransa waliokuwa wamejificha misituni, ambao walipigana na Wajerumani kwa siri, wakivunja reli na kuvizia magari. Mkuu wa divisheni, Jenerali Heinz Lammerding, aliazimia kuwatisha wenyeji ili wasiwasaidie watu wa misituni.

Tarehe 9 Juni, katika mji wa Tulle, askari wake waliwakamata wanaume wa mji na kuwanyonga 99 kati yao, wakiwatundika kwenye roshani za nyumba na nguzo za taa, mbele ya macho ya watu. Wengine 149 walipelekwa utumwani katika kambi ya Dachau, na 101 kati yao hawakurudi. Siku hiyo hiyo wapiganaji wa misituni walimkamata ofisa mmoja wa divisheni, Meja Helmut Kämpfe, upande wa mashariki wa Limoges. Oradour iko upande wa magharibi. Lakini kesho yake, Meja Adolf Diekmann, aliyekuwa rafiki wa Kämpfe, aliichukua kombania ya tatu, iliyoongozwa na Kapteni Otto Kahn, akaelekea Oradour.

SIKU YA JUMAMOSI

Oradour ulikuwa mji wa wakulima na wenye maduka, wenye kanisa, shule, ofisi ya posta, na uwanja wa gulio. Jumamosi ile watu wengi wa mashambani walikuwa wamekuja mjini kuchukua fungu lao la tumbaku, maana wakati wa vita vitu viligawanywa kwa kipimo. Wengine walitoka Limoges kutafuta chakula. Walikuwako pia wakimbizi wa Hispania, na watu wa Lorraine waliofukuzwa kwao na Wajerumani katika mwaka wa 1940. Watoto walikuwa shuleni.

Yapata saa nane za mchana magari ya askari yaliingia, na mji ukazungukwa. Mpiga mbiu alipita na ngoma yake akitangaza kwamba watu wote waende kwenye uwanja wa gulio wakaguliwe vyeti vyao. Watu hawakuogopa sana, kwa kuwa kukaguliwa vyeti lilikuwa jambo la kawaida katika miaka ile. Walimu waliwapanga watoto wakawatoa shuleni. Wagonjwa waliondolewa vitandani, na wakulima wa karibu waliletwa kutoka mashambani.

Mtoto mmoja tu kati ya wale waliokuwa shuleni aliokoka. Alikuwa mvulana wa miaka saba, jina lake Roger Godfrin, mkimbizi wa Lorraine. Yeye aliwajua Wajerumani tangu kwao, na alipowaona askari alitoka nyuma ya shule akakimbilia porini. Wazazi wake na ndugu zake aliokuwa nao mjini walikufa wote.

Uwanjani askari waliwatenga wanaume upande mmoja, na wanawake na watoto upande mwingine. Meya wa mji, mzee aliyekuwa daktari, alipotakiwa kutaja watu wa kuwekwa rehani, alijitoa yeye mwenyewe. Haikufaa kitu. Wanawake na watoto walipelekwa kanisani. Wanaume waligawanywa mafungu sita wakatiwa katika mabanda ya majani makavu, gereji, ghala ya mvinyo na kiwanda cha mhunzi. Mbele ya kila mlango iliwekwa bunduki ya bombom.

Ishara ilipotolewa, bunduki zote zililia pamoja. Kisha askari waliwafunika watu kwa majani na kuni, wazima na wafu, wakatia moto. Katika banda moja walikuwamo wanaume zaidi ya sitini. Sita kati yao, waliokuwa wamefunikwa na miili ya wenzao, walitambaa wakatoboa njia ya kutokea nyuma. Mmoja aliuawa alipojaribu kukimbia, watano wakaokoka. Mmoja wa hao watano alikuwa Robert Hébras, kijana wa miaka kumi na minane. Mama yake na dada zake wawili walikuwa kanisani.

Kanisani askari waliweka sanduku lenye nyuzi za kuwashia, likapasuka na kutoa moshi mzito uliowasonga watu pumzi. Kisha walipiga risasi ndani, wakarundika viti na majani, wakatia moto. Mwanamke mmoja tu alitoka mzima. Jina lake Marguerite Rouffanche, mwenye miaka 47. Nyuma ya madhabahu aliona ngazi iliyotumiwa kuwashia mishumaa. Akapanda mpaka dirishani, akajitupa nje. Mama mwingine aliyekuwa na mtoto mchanga alimfuata, lakini askari waliwaona wakawaua. Bibi Rouffanche alipigwa risasi tano, akajikokota hadi bustani ya padre, akalala katikati ya matuta ya njegere mpaka jioni ya kesho yake, ndipo watu wakamwona. Alikuwa amempoteza mumewe, mwanawe, binti zake wawili na mjukuu wake mchanga.

Askari waliteka mali, wakachoma nyumba moja moja, wakaendelea na safari yao ya Normandy. Miili mingi ilikuwa imeungua hata haikutambulikana, na ni wachache tu waliozikwa kwa majina yao.

WALIKUWA NANI?

Meja Diekmann hakuhukumiwa na mtu. Aliuawa vitani huko Normandy tarehe 29 Juni, siku kumi na tisa baada ya Oradour. Vita vilipokwisha, Wafaransa walitafuta waliobaki wa kombania ile, na tarehe 12 Januari 1953 mahakama ya kijeshi ilikutana katika mji wa Bordeaux. Waliosimama kizimbani walikuwa watu 21. Saba walikuwa Wajerumani. Kumi na wanne walikuwa watu wa Alsace, yaani raia wa Ufaransa.

Ili kulielewa jambo hilo, sharti tutazame ramani. Alsace ni jimbo lililo mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, nalo limechukuliwa na huyu na yule kama shamba lenye ugomvi. Katika mwaka wa 1871 lilichukuliwa na Wajerumani, na mwaka wa 1918 likarudi kwa Wafaransa. Mwaka wa 1940 Hitler alilichukua tena pamoja na sehemu ya Lorraine. Mwaka wa 1942 wakubwa wake walitoa amri kwamba vijana wa huko waingie katika jeshi la Ujerumani. Watu yapata 130,000 waliandikwa kwa nguvu. Kijana aliyekimbia aliwaacha wazazi wake katika hatari ya kuhamishwa na kunyang'anywa mali. Makumi ya maelfu ya vijana hao walikufa au wakapotea, wengi wao Urusi.

Kati ya washtakiwa kumi na wanne wa Alsace, mmoja alikuwa ameingia SS kwa hiari yake. Kumi na watatu walilazimishwa. Baadhi yao walilitoroka jeshi hilo baadaye, na kufikia mwaka wa 1953 walikuwa watu wazima wenye wake, watoto na kazi zao. Kortini wengine walikiri kwamba walipiga risasi katika mabanda. Wengine walisema walikuwa walinzi tu pembezoni mwa mji. Neno lao lilikuwa moja: tuliamriwa, na kukataa kulikuwa kufa.

Waswahili husema, mjumbe hauawi. Lakini mjumbe hubeba maneno, na watu hawa walibeba bunduki. Waliokufa Oradour hawakupata nafasi ya kuuliza kama kijana aliye mbele yao ameshika silaha kwa kupenda au kwa kulazimishwa.

MAJONZI MAWILI

Hapo ndipo majonzi mawili yalipokutana, na kila moja lilikuwa la haki. Watu wa Oradour na jimbo lao walisema: "Watoto wetu waliungua kanisani, aliyefanya kazi ile na aadhibiwe, awe wa taifa gani." Watu wa Alsace walisema: "Serikali ya Ufaransa ilituacha mikononi mwa Hitler mwaka wa 1940. Vijana wetu walitekwa kama watumwa. Mtawahukumuje leo pamoja na waliowateka?"

Sheria yenyewe ilitatiza. Mwaka wa 1948 Bunge la Ufaransa lilikuwa limeweka sheria kwamba mtu aliyekuwa katika kikosi kilichotenda jinai za vita atahesabiwa kuwa na hatia, mpaka athibitishe kwamba alilazimishwa na kwamba hakushiriki. Kesi ikiwa katikati, Bunge likaibadili sheria hiyo, isiwashike tena Wafaransa.

Hukumu ilitolewa usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1953. Wawili walihukumiwa kufa: Mjerumani mmoja, na yule mtu wa Alsace aliyejiunga kwa hiari. Mjerumani mmoja aliachiliwa. Wengine walipewa vifungo vya miaka mitano na zaidi, vingine vya kazi ngumu. Zaidi ya arobaini ambao hawakupatikana walihukumiwa kufa bila kuwapo.

Hukumu hiyo haikumridhisha mtu. Oradour waliona ni adhabu ndogo mno; Alsace waliona ni dhuluma, na huko Strasbourg mameya wa jimbo walipita barabarani kimya kuonyesha uchungu wao. Serikali ikaogopa nchi isije ikagawanyika. Siku chache baadaye Bunge lilipiga kura, 319 kwa 211, kuwasamehe wale kumi na watatu. Tarehe 21 Februari, kabla hata jua halijapanda vema, walikuwa njiani kurudi makwao.

Oradour walijibu kwa namna ambayo Ufaransa haikuisahau. Walirudisha nishani walizopewa na serikali. Walikataa kuweka mabaki ya wafu wao katika kaburi lililojengwa na serikali. Penye mlango wa magofu walibandika majina ya wabunge waliopiga kura ya msamaha, ili kila apitaye ayasome. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, mpaka mwaka wa 1974, hawakuwataka wajumbe wa serikali katika kumbukumbu yao ya kila tarehe 10 Juni.

WALIOTOA AMRI

Wakati Wafaransa walipokuwa wakigombana juu ya vijana wale kumi na watatu, waliotoa amri walikuwa wapi? Jenerali Lammerding alihukumiwa kufa na mahakama ya Bordeaux katika mwaka wa 1951 kwa ajili ya mauaji ya Tulle, lakini hakuwapo. Alikuwa Ujerumani ya Magharibi, katika mji wa Düsseldorf, akifanya kazi yake ya ujenzi. Wafaransa walimtaka, wasimpate. Alikufa mwaka wa 1971 akiwa mtu huru. Kapteni Kahn naye hakusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Wale wawili waliohukumiwa kufa Bordeaux hawakuuawa, na kabla ya mwaka wa 1960 walikuwa wamefunguliwa.

Ofisa mmoja tu wa kombania ile aliwekwa kizimbani, Luteni Heinz Barth, aliyekuwa amejificha Ujerumani ya Mashariki kwa miaka mingi. Alihukumiwa kifungo cha maisha mjini Berlin ya Mashariki katika mwaka wa 1983, na Robert Hébras alikwenda kutoa ushahidi. Barth alifunguliwa mwaka wa 1997 kwa sababu ya ugonjwa, akafa mwaka wa 2007.

Basi msomaji akijumlisha hesabu hii ataona neno la ajabu. Mkubwa alisema hakuwapo. Mdogo alisema aliamriwa. Aliyeongoza kazi yenyewe alikufa vitani. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kuelekeza kidole, na mwisho wake watu 643 wakawa kama wameuawa na hakuna.

Mataifa yaliliona shimo hilo mapema. Mwaka wa 1945, mahakama ya kuwahukumu wakubwa wa Ujerumani ilipotengenezwa huko Nuremberg, iliandikwa katika sheria yake kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ingawa yaweza kumpunguzia adhabu. Maneno hayo yanapima pande zote mbili. Yanakubali kwamba kijana aliyeburutwa kutoka kwao si sawa na aliyekwenda kwa kupenda, wala si sawa na jenerali. Lakini hayakubali kwamba mtu akivaa nguo za jeshi, dhamiri yake hubaki nyumbani.

Baada ya muda mrefu majonzi yale mawili yalianza kukaribiana. Mwaka wa 1998 meya wa Strasbourg alikwenda Oradour kuwakumbuka wafu pamoja na wenyeji. Mwaka wa 2013 Rais wa Ujerumani alikwenda pia, na Hébras, aliyekuwa mzee sasa, akaingia pamoja naye katika kanisa lililoungua. Lakini kidonda hakikuwa kimefunga kabisa. Katika mwaka wa 2012 mzee huyo huyo alikuwa ametozwa euro moja na mahakama ya Colmar, kwa kuwa aliandika maneno yaliyotia shaka kama vijana wa Alsace walilazimishwa kweli. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya Ufaransa iliibatilisha hukumu hiyo. Hébras alikufa Februari 2023, naye alikuwa wa mwisho katika wale waliookoka.

Mji mpya ulijengwa kando ya ule wa zamani, nao una shule, maduka na watoto. Magofu yaliachwa kama yalivyo kwa agizo la Jenerali de Gaulle, aliyefika huko Machi 1945. Mvua na baridi huzila kuta zile kila mwaka, na fedha nyingi hutumika kuzizuia zisianguke. La kuvunda halina ubani, wasema wazee. Nao watu wa Oradour hawakutaka kufukiza ubani juu ya jambo hili. Wameliacha wazi, mbele ya jua, ili kila aliye na mkubwa juu yake, na kila aliye na mdogo chini yake, apite alione.